Ratili Kumi na Mbili kwa Ndege ya Ijumaa

Jumatatu, 7 Septemba 1953

Nimepata! Wakulima wa Mwika wamenipa mzigo. Mifuko kumi na miwili ya sampuli za buni, kila mfuko ratili moja, iende kwa mnunuzi London kwa ndege. Mzee Basili, mwenyekiti wao, kasema mnunuzi akiipenda, mizigo yao yote ya msimu itapita kwangu. Nikiharibu, wanarudi kwa Elisaria.

Elisaria anapeleka mizigo kwa gari moshi mpaka Tanga, halafu meli. Wiki kadhaa! Mimi siku chache. Nimemwambia Mzee nauli ni ya ratili kumi na mbili, basi, hakuna cha juu. Akanipa mkono. Wakachanga palepale.

Kampuni yangu ya Mizigo ya Angani ina mwezi wa tatu sasa. Huu ni mzigo wa kwanza. Ofisi ni nusu ya meza ya Abasi, fundi cherehani, karibu na soko la Moshi. Nusu ya pili ina cherehani.

Jumanne, 8 Septemba

Elisaria kapita ofisini. Kauliza kama nimehesabu na sanduku. Nikamcheka. Akaenda zake. Nikaacha kucheka.

Sanduku sikulihesabu. Watu wa ndege wanapima kila kitu, misumari pamoja. Sanduku la mninga nililoagiza lina ratili tatu. Jumla kumi na tano! Kurudi Mwika kuomba nyongeza siwezi. Nilishapeana mkono na mzee wa watu. Tena Elisaria angejua kabla ya jioni.

Jumatano, 9 Septemba

Nimeliacha sanduku. Nimepata boksi la biskuti dukani, ratili moja tu. Jumla kumi na tatu. Nimekata vishikio vya mifuko yote. Mizani ya mchinjaji haikuona tofauti.

Ratili moja inanikaba. Kupunguza buni kidogo kila mfuko? Huo ni wizi. Mimi si mwizi.

Mchana mke wa Abasi, Mwanajuma, alikuwa anakaanga kahawa ya kuwauzia wanywaji wa barazani. Analalamika. Ananunua ratili tano mbichi, zikitoka jikoni ni nne. Moto unakula ratili nzima, kasema.

Nimekaa kitako ghafla. Abasi kaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 10 Septemba

Tumekaanga tangu asubuhi. Mfuko baada ya mfuko, bila kuchanganya, maana mimi ni mtu wa utaratibu. Mwanajuma kauliza mara mbili kama wenyewe wanaitaka hivyo. Nikamweleza kwamba Wazungu wanakunywa kahawa kila asubuhi na sijasikia hata mmoja anayeitafuna mbichi. Tunawapunguzia kazi. Akauliza kama mimi mwenyewe nakunywa kahawa. Nikasema nakunywa chai. Mwika nzima tunakunywa chai. Kahawa ni ya kuuza.

Mfuko wa kwanza umetoka rangi nzuri ya udongo. Wa mwisho ni mweusi kidogo, kwa sababu Elisaria alipita na ilibidi nikasimame mlangoni nionekane nina shughuli.

Buni sasa ratili kumi! Pamoja na boksi kumi na moja. Imebaki nafasi ya ratili nzima. Nimetia picha yangu niliyopiga studio, na fremu yake na kioo, ili mnunuzi ajue anafanya kazi na nani.

Ijumaa, 11 Septemba

Uwanja wa ndege. Ratili kumi na mbili kamili! Karani kasoma hati, imeandikwa buni mbichi. Kanusa boksi. Kasoma tena. Kauliza. Nikamwambia kahawa ya Mwika inanukia hivyo ikiwa bado mtini. Akapiga mhuri.

Mzee Basili alikuja kuuaga mzigo, kavaa koti la kanisani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika bila kuondoa macho kwenye ndege. Kaniambia wamechambua punje moja moja kwa mkono, Jumapili mbili baada ya ibada, watoto na bibi zao. Ndege ilipoinuka kuelekea Nairobi alivua kofia. Sikuwahi kuaminiwa hivyo na mtu.

Jumatano, 23 Septemba

Jibu limefika Mwika, kwa Kiingereza. Mzee kaniita nisome mbele ya wakulima. Elisaria naye alikuwepo, naye anasoma Kiingereza, kwa hiyo nimesoma kama lilivyo.

Mnunuzi anasema hawezi kuipa daraja wala bei kahawa iliyokwisha kukaangwa. Kila mfuko umeiva kivyake. Wa mwisho ni mkaa. Mfuko wa kwanza makarani wake wameunywa na maziwa. Wakitaka kufikiriwa msimu huu, buni mbichi imfikie kabla ya tarehe ishirini Oktoba. Picha yangu haikutajwa popote.

Nikawaonyesha kwamba wameinywa, na mtu hanywi kitu kibaya.

Mzee Basili kaikunja barua. "Gidioni, nani alikutuma uipike?" Nikaeleza habari ya sanduku na ratili zilizozidi. Akasema, "Ungesema tu, mwanangu. Ratili tatu tungechanga."

Angenitukana ingekuwa nafuu. Nimeshuka mjini kwa miguu.

Ijumaa, 25 Septemba

Mama yangu, Lukresia, kasikia. Habari zilimfikia kabla yangu. Kasema nimewatia wazee aibu mpaka ng'ambo na kwamba sitakula kwake mpaka nikaombe radhi. Kakata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, bichi, kalifunga fundo, kanishindilia mkononi. Kwetu Uchagani ukipelekewa isale huwezi kumkataa aliyekuja nalo. Hata aliyemwaga damu husikilizwa.

Jumapili, 27 Septemba

Nimepanda Mwika. Nikampa Mzee isale kwa mikono miwili. Kalitazama, kapumua, kalipokea. Kasema yamekwisha. Mkewe kaleta mbege, pombe yetu ya ndizi, tukanywa kibuyu kimoja. Kifua kimekuwa chepesi, nakiri.

Nikauliza mzigo wa pili unaondoka lini. Kasema keshokutwa. Kwa ndege. Amepewa Elisaria! Elisaria wa gari moshi! Kapima buni pamoja na sanduku mbele yao wote, wakachanga kilichotakiwa. Nikasema lakini nimesamehewa. Mzee kasema kusamehewa nimesamehewa.

Nimeshuka nikiwaza. Mzee Basili ni mkali kuliko wote ninaowajua, na jani moja limemlainisha. Basi aliyebaki na kinyongo ni mmoja tu, naye yuko London. Hajaletewa isale.

Jumatatu, 28 Septemba

Nimetumia akili. Nimekata isale mpakani bila kumsumbua Mama. Barua nimeandika mwenyewe: mnunuzi anaombwa radhi, na kwa kuwa keshalipokea isale hawezi kukataa, awaandikie wakulima wanirudishie mizigo.

Jani bichi ni zito na limejaa maji. Nimeliweka kwenye kikaango cha Mwanajuma mpaka likakauka kabisa. Mwanajuma katoka nje. Likawa linakatika, halikai na fundo, kwa hiyo nimelitwanga. Unga wote umeingia kwenye kona ya bahasha.

Karani wa posta kapima. Bahasha haikufika hata nusu wakia! Elisaria, na sanduku lake lile, hawezi kabisa kushindana na mimi.