Malalamiko Dhidi ya Ndoo ya Maji ya Chumvi

Msasani, Tukuyu
Jumatatu, siku mbili baada ya fedheha

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Tamasha la Kwaya,

YAH: KUNYANG'ANYWA USHINDI KWA NJIA YA CHUMVI

Natumaini u mzima na kwamba usingizi unakupata baada ya uamuzi ulioutoa kule Kyela. Mimi haunipati. Jumapili hii wanakwaya wangu wanakutana kuamua kama niendelee kuwafundisha baada ya miaka ishirini na miwili, kwa hiyo naomba matokeo yafutwe kabla ya hapo. Sababu zangu ni hizi:

1. Wanakwaya wangu hawanywi maji siku ya kuimba, tangu alfajiri mpaka amina ya mwisho. Ni sheria yangu, maana aliyekunywa huanza kutafuta choo kwenye ubeti wa pili. Isitoshe, sisi wa Tukuyu tunanyeshewa karibu mwaka mzima. Mtu aliyelowa tangu utotoni atakaukiwaje kwa asubuhi moja ya jua la Kyela, hata akivaa joho juu ya sweta?

2. Wapinzani wetu wa Mpuguso walikuja na ndoo. Nesi Pudensiana, anayeimba nao, alikoroga humo maji safi na pakiti za ORS, ile dawa ya chumvi na sukari wapewayo wanaoharisha, akagawa kikombe kikombe bila haya, na ndizi mbivu juu yake. Nilipomkabili alinieleza kwamba siku za kawaida maji na chakula vinatosha, lakini jasho jingi huondoka na chumvi na madini ambayo misuli na moyo huyahitaji, na maji matupu hayarudishi vyote. Eti moyo unahitaji chumvi! Mimi nilifundishwa kwamba moyo unahitaji toba.

3. Katika wimbo wetu wa pili Hellen wa sauti ya pili alianguka. Akafuata Abrahamu wa besi. Kisha mke wangu Elina, kinara wa sauti ya kwanza, misuli ya miguu ikamkaza, akaenda chini huku anaimba. Majaji wakatukata alama kwa kutosimama wima. Kanuni ipi inasema sifa ziimbwe wima? Elina alimaliza ubeti akiwa chali, na hakuruka noti hata moja.

4. Hili ndilo linaloniuma. Watu wa Mpuguso waliacha mstari wao wakaja na ndoo yao kuwanywesha watu wangu mbele ya umati. Wahenga walisema adui yako mwombee njaa, hawakusema umnyweshe. Nao watu wangu wakaitikia "ndaga fijo", asante sana, kama wageni wa harusi! Hiyo ni rushwa. Baada ya nusu saa Abrahamu alikuwa akiwasaidia kuimba, tena kwa besi ambayo kwangu hajawahi kuitoa.

5. Napendekeza kombe lirudishwe, ndizi zikaguliwe mlangoni, na chumvi ipigwe marufuku ndani ya hatua mia kutoka jukwaani, hata kwenye mayai ya kuchemsha. Jasho la kila mshindani lionjwe na jaji, na atakayekutwa na ladha ya chumvi aondolewe. Nesi anadai jasho la kila mtu lina chumvi. Vizuri, waondolewe wote, tubaki sisi tulioishiwa.

Wasalimie wajumbe wote, mama mchungaji, mpiga kinanda, na hata yule jaji mwenye miwani aliyecheka.

Wako katika wimbo, ingawa si katika matokeo,

Mwalimu Asajile

Nyongeza: Asubuhi ya safari nesi Pudensiana alinipa bahasha ya pakiti za ORS kwa ajili ya kwaya yangu, maana aliisikia sheria yangu akanihurumia. Niliitia mfukoni mwa koti. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nikakoroga pakiti moja kwenye chupa ya lita, nikainywa yote nyuma ya basi. Ndiyo maana mimi sikuanguka.

Leo Elina amelitoa koti hilo alipige pasi kwa ajili ya mkutano wa Jumapili. Bado anachechemea. Juu ya bahasha nesi ameandika: "Za kwaya, pakiti kumi na mbili." Elina amezipanga kumi na moja mezani, kando ya barua hii, akaniuliza ya kumi na mbili aliinywa nani.

Matokeo yaacheni kama yalivyo. Jumapili nitaanza kusema mimi.