Reli Yafika Homa Bay

"Reli imefika," alisema Cephas, hata salamu hakutoa. Aliitupa kofia yake ya utarishi juu ya meza ya Filister, akajipepea kwa mkono, akangoja watu washangae.

Hakuna aliyeshangaa. Cephas ni tarishi wa baraza la kaunti, na pale bandani kwa Filister, karibu na gati, watu walikuwa wamempa jina la Redio. Redio hupiga kelele hata nyumba ikiwa tupu, kwa hiyo benchi zima liliendelea kunywa chai.

"Imefika wapi?" aliuliza Maroa bila kuinua macho. Huyu ni Mkuria wa huko Migori, huja Homa Bay kila siku ya soko na magunia yake ya tumbaku. Jina lake kijiweni ni Tumbaku, kwa sababu ya biashara, ingawa wengine husema ni kwa sababu neno lake moja linatosha kumpigisha mtu chafya.

"Imefika hapa. Imeteremshwa kwa meli asubuhi hii."

"Reli imekuja na meli?"

"Imekuja na meli! Vipande vipande, ndani ya masanduku. Na garimoshi zenyewe tano."

"Garimoshi tano kwa meli moja, na haijazama?"

"Kuli wawili wamebeba moja kwa mikono, omera. Ni ndogo. Inakufika hapa." Cephas aligusa goti lake.

Sasa benchi likainua vichwa. Filister mwenyewe aliacha kugeuza mandazi, akashika kiuno.

"Ni ya watoto?" aliuliza.

"Watoto gani? Ni ya watu wazima, Nyar Asumbi," Cephas alimjibu kwa jina la kwao, binti wa Asumbi. "Kuna Mzungu mmoja ana mvi mpaka kwa masikio, amevaa kaptula. Kuna Kalasinga wa Kisumu, fundi mkubwa, hiyo ndevu yake imejaa grisi. Wana chama chao. Wanakutana mahali, wanatandika reli kwa nyasi, wanawasha moto, halafu wanakaa juu yake wanazunguka."

"Wanazunguka wakienda wapi?"

"Wanarudi pale wametoka."

"Halafu?"

"Halafu wanazunguka tena."

Filister alifikiri kidogo. "Na wake zao?"

"Wamekaa kwa viti, wanakunywa chai, wanatazama."

"Basi hao wanawake ndio nataka kuwaona," alisema Filister. "Wamepata dawa gani ya kufanya mwanaume azunguke mahali pamoja siku nzima na asiende kwa pombe?"

Benchi likaangua kicheko. Maroa alitikisa kichwa kwa huzuni ya kujifanya. "Sisi huko kwetu mtu wa mvi akikalia kitu kama hicho, hatutandiki reli. Tunachinja mbuzi, tunaita wazee, tunauliza laana imetoka kwa baba au kwa mama."

"Wewe cheka," alisema Cephas. "Hiyo kitu ina mvuke wa kweli. Makaa kweli, maji kweli, filimbi kweli. Moja inavuta watu kumi."

"Dereva!" Maroa aligeukia ncha ya benchi. "Mbona umenyamaza? Si ndugu zako hao wamefika?"

Aliyeitwa Dereva ni Javan, na pale alipokaa, kwenye ncha iliyo karibu na jiko, hapakai mtu mwingine. Mahali hapo pana joto asubuhi, na mandazi ya kwanza hupita hapo kabla ya kufika kwa wengine. Javan alipapata kwa sababu moja tu: aliwahi kuendesha garimoshi la Kisumu kwenda Nakuru. Hivyo ndivyo alivyosema siku aliyorudi nyumbani, akasema tena kwenye matanga, akasema kanisani, na zaidi ya yote akasema kwenye ngoma, wakati wa pakruok. Ni desturi tamu ile. Mtu humsimamisha mpiga nyatiti, anajitaja na kujisifu mpaka mishipa ya shingo imtoke, kisha nyuzi zinamwitikia, na mwenzake anasimama kumshinda. Katika pakruok hakuna anayeulizwa ushahidi.

Ukweli ulikuwa mdogo na haukufaa kuimbwa. Javan alikuwa mpiga brasi kwenye karakana ya reli, mtu wa kusugua shaba mpaka ing'are. Katika garimoshi zima, kitu alichokijua vizuri ni filimbi, na hiyo aliijua kwa kitambaa.

"Mimi nilizoea gari kubwa," alijibu, sauti nzito. "Kuniletea hiyo ni sawa na kumwambia nahodha wa meli apande karai."

Walicheka, na Javan akapumua. Alidhani imepita.

"Basi karai utapanda," alisema Cephas. "Kwani mimi nimekimbia hapa kwa nini? Diwani anafungua hayo maonyesho kesho. Amesema haendeshwi na Mzungu wala Mhindi, Uhuru ni Uhuru. Anataka mwana wa nchi. Akauliza, kuna Mwafrika hapa amewahi kuendesha garimoshi? Nikamwambia, Mheshimiwa, tunaye! Tena tunakunywa chai na yeye!"

Chai ilimpalia Javan. Filister alimpiga mgongoni mara mbili, na kila pigo Javan aliona jina lake likimtoka mdomoni pamoja na mate.

"Ni yule diwani wa reli?" aliuliza Maroa.

"Yule yule. Si wakati wa kura alituambia reli itatoka Kisumu, ipite hapa, iende Migori, ifike mpaka mpakani?"

"Unaniambia mimi? Mjomba wangu alikata migomba yake ili reli ipite. Ameweka kiti hapo mahali pa migomba, anangoja. Mwaka wa tatu huu. Kila mtu akipita na baiskeli anasimama, anauliza, 'Ndio hiyo?'"

"Kesho tunaizindua," alisema Cephas.

"Nimwambie mjomba asihamishe kiti, basi. Gari litapita chini ya miguu yake."

Javan alijikohoza. "Mimi mgongo wangu..."

"Utakuwa umekaa," alisema Cephas.

"Na leseni yangu ni ya gari kubwa."

"Mtu anayeua nyati atashindwa na sungura?"

"Kofia yangu ya reli iliraruka."

"Mheshimiwa ametoa kofia. Mpya!"

Javan alimtazama Filister. Aliyejiona jasiri kwa wote, kwa mama huyu alikuwa mwoga, maana tangu mkewe afariki hakuna sauti nyingine iliyomuuliza kama amekula.

"Jaduong', mzee wangu, utaenda," alisema Filister. "Na mimi nitafunga hoteli nije nikuone."

Hapo Javan akakosa pa kukimbilia. Aliaga mapema, mandazi yake akayaacha yote.

Kesho yake uwanja ulifurika. Watu walikuja kwa mitumbwi kutoka Rusinga na Mfangano, wengine walishuka na mbuzi wao wakidhani ni mnada. Katikati ya nyasi reli ilikuwa imezungushwa duara, nyembamba hata ungeweza kuivuka kwa hatua moja, na wale wazee wa chama walikuwa wamepiga magoti kila mmoja kwa injini yake. Walipuliza moto, walitia mafuta kwa kopo lenye mdomo mrefu, walifuta, wakatazama, wakafuta tena. Nyuso zao zilikuwa nyeusi kwa masizi na kila mmoja alikuwa akitabasamu peke yake.

"Tazama," Maroa alimnong'oneza Cephas. "Mkubwa wa watu na digrii zake amelala chini anabembeleza moto. Nyumbani kwake moto unawashwa na mpishi."

Diwani alifika na suti nyeusi na usinga. Alipokaa kwenye kibehewa, magoti yalimpanda mpaka masikioni, lakini hakuacha kupunga. Javan akawekwa mbele yake, kofia mpya imemzama mpaka kwenye nyusi.

Kalasinga aliinama kwa adabu. "Stimu iko tayari, mzee. Hii kwenda. Hii simama. Hii filimbi."

Javan alisikia la mwisho tu.

"Haya, Dereva!" alisema Diwani nyuma yake. "Tuondoe."

Mkono wa Javan ulikwenda kwenye wenzo wa kwenda, ukaogopa. Aliwaza: nikivuta hii na gari likaruka nje, nimekwisha. Mbele ya watu wote hawa. Mbele ya Filister, ambaye alikuwa amevaa gauni la kanisani. Basi mkono wenyewe ukajichagulia pa kwenda, ukavuta kile ulichokizoea.

Piiii!

Uwanja ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, mbuzi wakakata kamba. Javan akasikia kitu kikimpanda kifuani, kile kile cha kwenye ngoma, nyatiti inaponyamaza na watu wote wanakungoja wewe. Alisimama nusu.

"Mimi Javan! Ja-gari, mwana wa gari! Ninayeacha ugali jikoni Kisumu, nikaenda Nakuru na kurudi, haujaiva!"

Piiii!

"Yawa!" watu walipiga kelele. "Sema tena!"

Diwani alimgonga begani kwa usinga. Hakuwa mtu wa kuachwa nyuma kwenye pakruok, tena mbele ya wapiga kura wake. "Ngoja, sasa mimi! Mimi simba wa South Nyanza! Niliyeleta reli bila kupiga hodi Nairobi! Piga!"

Piiii!

"Mimi niliyefundisha injini kupanda milima ya Mau, na yenyewe ilikuwa inalia!"

Piiii!

"Mimi niliyevuka ziwa na reli mfukoni! Wengine wanaleta maneno, mimi naleta chuma! Piga!"

Piiii!

"Mzee!" Kalasinga alikimbia kando ya gari, amejishika kilemba. "Mzee, filimbi nakula stimu! Enda kwanza! Enda!"

Nani angemsikia? Yule Mzungu wa mvi alifunika macho kwa mikono yote miwili. Javan alisifu mikono yake, Diwani akasifu mdomo wake. Javan akasifu ukoo, Diwani akasifu ukoo pamoja na ng'ombe wake. Kila sifa filimbi iliitikia, na kila mara iliitikia kwa sauti ndogo zaidi, mpaka mwisho ikatoa pumzi tu, kama bibi kizee anapopoza uji.

"Sasa twende," alisema Diwani.

Javan alifumba macho, akavuta wenzo wa kwenda mpaka mwisho. Gari lilidondosha maji kidogo, likanyamaza. Akavuta tena. Uwanja wote uliinua shingo.

Ndipo sauti ya Maroa ikatoka nyuma ya umati, safi kabisa. "Ni yenyewe! Ni ile reli yetu ya kura! Imepiga filimbi tangu Uhuru na haijasogea!"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi gatini. Hata askari wa zamu aligeuka akaangalia ziwa mabega yakimtikisika. Diwani alikasirika, akaamuru askari wa kaunti wasukume, na hivyo ndivyo reli ilivyozinduliwa: askari wanne wameinama, jasho linawatiririka, na Mheshimiwa anapunga usinga akizunguka uwanja, akarudi pale alipoanzia.

Kalasinga hakufoka. Alipiga magoti akaanza kuwasha moto upya, akamtazama Javan kwa huruma. "Mzee," aliuliza polepole, "veve kweli dereva?"

Javan aligeuka. Kando yake alikuwa amesimama Filister na gauni lake la kanisani. Javan alivua ile kofia, akaiweka juu ya nyasi, akaenda zake.

Siku kadhaa hakuonekana bandani. Aliona aibu, na aibu ya mtu mzima ni mbaya kuliko homa, haina dawa ya kununua dukani. Siku ya soko njaa na upweke vikamshinda. Alikuja polepole akiwa amekwisha jitayarishia mahali pa kukaa, ncha ile nyingine ya benchi, penye upepo.

Mahali pake karibu na jiko palikuwa wazi. Cephas na Maroa walipomwona, walisimama wima, wakakunja mikono mbele kwa heshima.

"Karibu, Diwani," alisema Maroa.

"Nani?"

"Diwani! Pisheni Diwani akae," alisema Cephas. "Mheshimiwa, safari ilikuwaje? Umetoka wapi, umerudi pale pale?"

"Msinifanyie hivyo." Javan aliketi. "Mimi sikuwa dereva. Nilikuwa napiga brasi Kisumu. Hiyo ndiyo kweli."

"Tunajua," alisema Maroa. "Mtu anayesema ni dereva kwa miaka yote hiyo, na kila akipewa kijiko anakifuta kwanza kwa shati mpaka king'are?"

"Ndugu yangu alikuwa karakana hiyo hiyo," alisema Filister. "Nilijua kabla hujamaliza kikombe cha kwanza."

"Na mkanyamaza?"

"Uongo wako ulikuwa unapasha watu joto tu," alisema Maroa. "Haukukata mgomba wa mtu. Lakini siku ile! Kumaliza mvuke wote kwa sifa, halafu usukumwe na askari! Hiyo si kazi ya dereva. Hilo jina umelipata kwa jasho lako, Diwani."

"Diwani! Diwani!" benchi likaitikia, vikombe vikagonga meza.

Javan aliwatazama mmoja mmoja, macho yamejaa machozi. "Ndugu zangu, nawaomba. Mnivue udereva, ni haki yenu. Niiteni Brasi, niiteni Kitambaa. Hata mniite mwongo, nitaitika."

Filister alimmiminia chai, akamwekea andazi la kwanza, lile la moto.

"Jaduong'," alimwambia, "kwani tumekuita nini?"