Gesi Yangu Isiyonuka

Jumatatu, 3 Machi
Gesi imetoka! Shimo la samadi, mfuko mkubwa wa kuikusanyia, bomba hadi jikoni, kiberiti: moto wa buluu. Mke wangu akasema vizuri, ila nyumba nzima inanuka mayai viza. Kaka yake, fundi wa mitungi ya gesi, akaingia ameziba pua. Tangu harusi shemeji huyu ananitazama kama doa kwenye shati. Mke kasema harufu isipokwisha kufikia Ijumaa, anahamia kwa kaka yake. Kwa huyo huyo!

Jumatano, 5 Machi
Dawa nimeipata. Gesi inapitishwa kwanza kwenye kopo la vyuma vyenye kutu. Harufu kwisha. Methani, ndiyo gesi yenyewe inayowaka, haina harufu wala rangi, kinachonuka ni uchafu wake. Mke akacheka, mara ya kwanza mwezi huu, akanipikia chai bila kuombwa. Nilikaribia kulia. Shemeji akakunja uso: eti gesi ya mitungi hutiwa harufu makusudi, ikivuja watu wajue. Eti niache wazi tundu la juu ukutani. Wivu mtupu. Nikaliziba mbele ya macho yake.

Ijumaa, 7 Machi
Mfuko umenywea na hakuna aliyepika. Mke akauliza gesi imekwenda wapi, akampigia simu kaka yake. Nikaharakisha kutafuta inapovujia kabla hajafika. Nimemsikia mara mia akiwaambia wateja kwamba gesi hutambaa sakafuni. Nikapiga magoti, nikapitisha kiberiti kila kona. Haikuwaka popote. Shemeji akafika mlangoni, akamvuta dada yake nje, akaniambia nizime: ya mitungi ni nzito, yangu nyepesi, imejaa darini. Ananiamrisha, ndani ya nyumba yangu. Nikasimama, nikakiinua kiberiti juu kabisa ili aone.
Dari limepaa.

Jumapili, 9 Machi
Sina nyusi. Naandika kwa mkono wa kushoto. Mke yuko kwa kaka yake, na chai ya kujipikia inaniuma kuliko mkono. Ametuma ujumbe: dari amesamehe, ila nilionywa nikainua mkono. Hayo maneno ya shemeji, nayajua. Atarudi bomba likitoka jikoni.
Nimeling'oa leo hii, nikamjibu arudi kesho. Sikumdanganya. Jikoni hakuna bomba. Nimelihamishia chumbani kwetu, ambako dari bado ni zima, na tundu la juu nimeliziba kwa saruji.