Sijaalikwa Omaha

Jumamosi, 15 Novemba
Darasa langu la "Kuishi na Wamarekani", chumba cha kufulia nguo, ghorofa ya chini. Waliohudhuria: Edem na mkewe Yawa, waliofika hapa Omaha kutoka kwetu Lomé kiangazi hiki. Sawa, walikuja kufua. Lakini walisikiliza! Nikawafundisha namna ya kukaa mezani kwa Mmarekani Sikukuu ya Shukrani. Edem akauliza, kwa adabu kabisa, kaka Komlan, wewe umeshaalikwa mara ngapi? Nikakohoa. Mashine ikamaliza, wakaondoka na kapu lao.

Sijaalikwa hata mara moja. Miaka tisa.

Watu wengine wote wa kwetu walikuwa na Akofa wa ghorofa ya juu. Huyo mama hana darasa wala mpango. Anawabeba watu tu kwenye gari lake, wakamenye viazi kanisani na wazungu. Eti kuzoeana!

Jumapili, 16 Novemba
Mkakati umekamilika. Ninahitaji Mmarekani mmoja tu, anialike Alhamisi ya sikukuu, halafu tuone Akofa atasema nini. Nimemchagua mzee Delmar Kucera wa nyumba ya jirani. Mjane. Hukaa kibarazani na koti jekundu la timu yake, hata siku ambayo hakuna mechi. Nitamfanyia wema mkubwa mpaka aone haya kutonialika.

Jumatatu, 17 Novemba
Nimezoa majani yote makavu uani kwake kabla hajaamka. Mifuko saba! Mgongo umekufa.

Akatoka na ndara. Badala ya kushukuru, akashika kichwa. Kumbe yale majani aliyarundika mwenyewe juu ya mawaridi ya marehemu mkewe, yasife kwa barafu. "Nani amekutuma, bwana wee?" Nikasema ni zawadi. Akaniangalia sana. Tukamwaga mifuko, tukayafunika tena mawaridi, tumepiga magoti sote wawili. Ajabu, sikutaka tumalize.

Jumatano, 19 Novemba
Nimemwona Akofa kibarazani kwa Delmar! Amemshika mkono, wanacheka! Mmarekani WANGU!

Nikamngoja kwenye ngazi. Nikamwambia hapa Marekani watu hawashikwishikwi ovyo. Akasema, "Wewe Komlan, si useme tu kwamba unataka marafiki? Unaona aibu ya nini?" Nikamjibu mimi ni mwalimu, si ombaomba. Akatikisa kichwa, akapanda zake.

Nimepika gboma, mchuzi wa mboga za majani wa kwetu, sufuria nzima, kama nina watu. Nikala nimesimama. Redio wazi, si kwa habari, kwa sauti tu. Kazini kiwandani wananiita Kevin. Nikalitamka jina langu mara mbili jikoni, nisije nikasahau linavyosikika.

Ijumaa, 21 Novemba
USHINDI! Au tuseme, karibu ushindi.

Delmar amegonga mlango wangu. Amevua kofia. Akasema binti yake wa Denver haji mwaka huu, na yeye ameshanunua bata mzinga mkubwa kuliko akili zake, je, nitakuja Alhamisi? Moyo ukaruka. Nikajibu kama mtu aliyelelewa: "Hapana, mzee, nisikusumbue."

Nikangoja anibembeleze.

Akasema, "Ah, sawa. Bila shaka una watu wako." Akavaa kofia. Akaenda!

Nani anakubali "hapana" ya kwanza? Kwetu hata mtoto anajua! Nilibaki mlangoni mpaka taa ya ukumbini ikajizima.

Alhamisi, 27 Novemba
Nimevaa suti tangu asubuhi, endapo Delmar atarudi kubembeleza. Nikakaa dirishani.

Mchana Akofa, Edem na Yawa wakaingia kwa Delmar, na masufuria yamefungwa kwa vitambaa. Theluji ikaanza. Simu ikalia: Akofa. Njoo, mzee anakuulizia, hataki kukata nyama. Nyuma yake kelele, watu wanacheka, mtu anagonga sahani. Nikasema nina wageni. Akauliza, wageni gani? Nikasema wengi.

Nilipokata simu chumba kikawa kimya hivi kwamba nikasikia friji.

Ijumaa, 28 Novemba
Yawa ameniletea sahani iliyofunikwa kwa foili. Anasema nyama ilipoa wakinisubiri, na kiti changu hakikukaliwa na mtu. Akachungulia ndani, nadhani akitafuta wageni. Nikamwambia wamelala.

Nimekaa, nimefikiri kwa kina, nimeliona kosa. Nilikataa kwa sauti kavu mno. Krismasi Delmar akija, nitakataa kwa upole, nikitabasamu, mlango nimeuacha wazi nusu. Hapo lazima anibembeleze.

Kesho darasani: Jinsi ya Kupokea Mwaliko. Nimebandika tangazo juu ya mashine ya kukaushia.