Maneno ya Upande wa Kushoto

Jumatatu, 9 Machi

Jumamosi mama anatimiza miezi sita tangu atutoke. Karatasi za kumbukumbu zenye picha yake lazima zibandikwe, ndiyo desturi yetu: mlangoni, kituo cha basi, kwenye mti mbele ya duka la mikate. Dada Spaska ameshajipanga. Ataandika yale yale ya siku arobaini, kwamba machozi hayakauki. Kayanakili kutoka kwenye sampuli za mpiga chapa! Tena jina lake juu, langu chini. Safari hii naandika mimi, Evstati, mstaafu wa reli, mtoto pekee wa kiume. Spaska ataiona ikishabandikwa.

Jumanne, 10 Machi

Nimebeba laptopu yangu hadi maktaba. Mwalimu Nevyana, anayefundisha wazee kompyuta, kaniwekea programu. Maajabu! Kushoto unaandika maandishi matupu, kulia ukurasa unajipamba papo hapo. Weka alama ya reli, hii #, mwanzo wa mstari, neno linakuwa kichwa kikubwa. Nyota mbili huku na mbili huku, herufi zinanenepa. Nimeanza na jina langu. Likatoka kubwa kuliko la mama. Nevyana akauliza kwani hapo aliyefariki ni nani. Nimelipunguza. Kidogo.

Jumatano, 11 Machi

Siri kubwa! Kuna alama ukizungushia maneno, yanabaki kushoto tu. Kulia hayatokei. Eti ni za mwandishi kujikumbusha mambo yake. Nikaandika: Spaska asiguse karatasi hii. Kulia, kimya. Nikaandika: Spaska kachukua sufuria ya shaba ya mama. Kimya! Nimeongeza mengine saba, kwa raha zangu.

Kisha, sijui shetani gani, nikaandika lile la Septemba. Spaska alinipigia simu kutoka hospitali, akasema njoo, mama anakuulizia. Nikajibu leo hakuna treni. Mimi, niliyewakatia watu tiketi miaka thelathini na moja! Ya saa tisa na robo ilikuwepo. Nilikuwa kwenye mchezo wa dado na jamaa, nashinda, na niliogopa kumwona mama alivyokuwa. Alfajiri akafariki. Nimeandika yote hayo. Kulia pakabaki picha yake na maneno mazuri tu. Nikautazama ukurasa ule mpaka Nevyana alipokuja kufunga maktaba. Moyo ulikuwa mwepesi, sijui kwa nini.

Alhamisi, 12 Machi

Faili nimempelekea Zahari, mpiga chapa. Nakala thelathini. Nimemwagiza azibandike mwenyewe kesho asubuhi, kabla Spaska hajatoka kununua mkate. Akauliza kama nataka kuipitia kwanza. Nikamwambia ukurasa nimeshauona kwa macho yangu, asinifundishe kusoma.

Ijumaa, 13 Machi

Balaa! Zahari hana programu ile. Kafungua faili, kakuta maandishi matupu, kayachapa kama yalivyo: nyota, alama za reli, sufuria, treni, dado, vyote! Anasema alidhani ndio mtindo wa kisasa. Nimebandua kumi na mbili. Nyingine zilizungukwa na wasomaji, sikuweza kupenya. Mwenye duka la mikate kanipa pole, kisha akaongeza kwamba treni ya saa tisa na robo anaikumbuka, ilikuwa na nafasi tele. Kwenye mti hapakuwa na kitu. Spaska alikuwa ameshaibandua, akaondoka nayo.

Simu imelia mara nne. Sijapokea. Naona aibu, basi.

Jumamosi, 14 Machi

Makaburini. Spaska kaja na ngano ya kuchemsha na mvinyo, vya kumkumbuka marehemu. Karatasi yangu mkononi, imekunjwa mara nne. Nikaanza kusema Zahari ni mpumbavu.

"Nyamaza, wewe mtoto," akasema. "Nilijua siku ile ile. Dado zilisikika simuni."

Nikamuuliza kama mama alijua. Akasema simu alikuwa amemwekea mama sikioni, asikie sauti yangu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwacheni. Huyu akiogopa hucheza."

Nikalia mbele ya watu wote.

Spaska akatoa mfukoni uzi wa Machi, mwekundu na mweupe, wa kuombeana afya, akanifunga mkononi. Kila tarehe mosi Machi mama ndiye aliyenifunga. Mwaka huu mkono ulikuwa mtupu, nami nilimwambia kila mtu kwamba nimesahau. Spaska akasema uzi umechelewa wiki mbili, si neno. Akasema pia sufuria alipewa na mama, mbele yangu, na nilikuwa natafuna.

Jumapili, 15 Machi

Nimeamka mtu mpya. Kuficha mambo ni ujinga. Septemba ni kumbukumbu ya mwaka, na Spaska anataka tuandike pamoja, majina yakae sambamba. Nimekubali kwa moyo mweupe. Nimeshafungua ukurasa.

Kushoto, ndani ya zile alama, nimejikumbusha mawili tu: jina langu litangulie, na ile sufuria bado tutaizungumza. Kulia hakuonekani kitu.

Safari hii nitakwenda kwa mpiga chapa mwingine.