Kiwanja Kimekataa Kukua

Abdulmajid Hamood,
Duka la Sare za Shule,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Gerezani.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UDOGO WA KIWANJA CHA MTAA

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ofisi ikiwa imepata kiti cha mgeni, maana mara ya mwisho nilisimama. Kama unavyofahamu, mimi ni mlezi wa klabu ya sayansi ya wasichana wa Mwalimu Candida. Mjukuu wangu Nawal, wa kidato cha pili, ndiye katibu. Jumamosi hii klabu inatarajia kurusha roketi ya kuchezea mbele ya wazazi, nawe umeninyima kibali ukisema roketi niliyoinunua ni kubwa mno kwa kiwanja. Kwa heshima zote, jambo hili umelipindua. Roketi haina kosa, kiwanja ndicho kidogo.

Nieleze nilivyoichagua. Huu ni mwaka wa thelathini na moja nauza sare. Mzazi akiniletea mtoto, simpimii mtoto alivyo, nampimia atakavyokuwa. Sketi inafika kwenye vifundo vya miguu, mikono ya sweta inafunika vidole, mzazi ananung'unika, namwambia atakua nayo. Na wanakua. Basi jirani yangu wa duka, Kitwana, alipokwenda Guangzhou kufuata mzigo, alinipigia simu kunieleza kuwa roketi ziko za saizi tatu: ya urefu wa rula, ya urefu wa mwiko wa pilau, na moja inayonifika kifuani. Nikamwambia alete ya kifuani. Kiwanja kitakua nayo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kiwanja hakikui. Nilikipima kwa futi ya dukani mwezi wa tatu, nikarudia mwezi wa sita. Badala ya kuongezeka kimepungua mita nne, kwa kuwa Siwema wa chapati amesogeza meza zake ndani. Simlaumu Siwema, chapati zake nazila. Ninachouliza ni ofisi yako imefanya nini kukikuza.

2. Mapaa. Siku ya majaribio roketi ilipanda vizuri sana, ikafungua mwavuli wake huko juu, watoto wakashangilia, kisha ikaenda kushukia mtaa wa pili, juu ya paa la karakana ya fundi Nassibu, ikalitoboa. Mtaka cha mvunguni huinama, lakini sisi tunaotaka cha angani tuliambiwa tukatafute ngazi. Naomba mapaa yote hadi mtaa wa pili yahesabiwe kuwa sehemu ya kiwanja, na wenye nyumba wajulishwe kwa maandishi.

3. Upepo. Unatokea upande wa soko la Feri, unanuka samaki wa kukaanga, na hauna kibali. Kijitabu kilichokuja na roketi kinasema kadiri roketi inavyokwenda juu ndivyo upepo unavyoisukuma mbali, na kwa hiyo kiwanja kidogo kinataka roketi ndogo yenye baruti kidogo. Kijitabu hicho kimeandikwa na watu wasioijua Gerezani. Ofisi yako iwaandikie Feri, upepo upumzike Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi.

4. Ulinishauri niende Jangwani. Nilikwenda. Upana upo wa kutosha na maji yapo ya kutosha. Nilirudi na kiatu kimoja.

5. Hili ndilo linaloniuma. Nawal ametengeneza roketi yake mwenyewe kwa karatasi ya manila, urefu wake rula moja. Anasema mtu huangalia kiwanja kwanza ndipo achague roketi. Mke wangu Mauza akamuunga mkono, akaniambia ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, tena mbele ya wageni. Niliikataa roketi ile. Nilisema klabu ninayoilea mimi haitarusha kitu cha kuingia kwenye mkoba. Tangu siku hiyo Nawal ananipa shikamoo, ananipa chai, basi. Zamani alikuwa akinisimulia mambo ya shule yote kabla sijavua kofia. Nyumba imekuwa kimya, Ndugu Mwenyekiti, na kimya hicho kinaniumiza kuliko ninavyoweza kuandika kwenye barua ya kiofisi. Unaona mwenyewe udogo wa kiwanja chako umetufikisha wapi.

Kwa sababu hizo naomba ukuta wa upande wa reli ubomolewe. Ikishindikana, reli isogezwe. Na hilo nalo likishindikana, mtaa mzima uhamishwe kwa muda, kuanzia na nyumba yangu, mpaka roketi itakapokuwa imeshuka. Nipo tayari kuongoza kamati ya kuhama. Naomba majibu kabla ya Ijumaa, kwani wazazi wameshaalikwa na wengine wamenunua sare kwangu, siwezi kuwakwepa.

Wafikishie salamu zangu mama watoto, wajumbe wote wa mtaa, fundi Nassibu kama ameshaziba paa, na karani wako aliyeniambia nisubiri.

Ni mimi mkazi wako, mwenye subira inayokaribia mwisho,

Abdulmajid Hamood
Mlezi wa Klabu

Nyongeza: Nilikwisha kuipiga barua hii mhuri wa duka, nikatoka kutafuta bahasha, nikapita kiwanjani. Nikamkuta Mwalimu Candida na wasichana wake wanafanya majaribio ya roketi ile ya manila. Kumbe kibali cha roketi ndogo uliwapa tangu wiki iliyopita, wakaogopa kuniambia. Ilipanda, ikakaa juu kidogo, ikashuka hatua kama arobaini kutoka niliposimama. Niliikimbilia mimi kabla ya watoto. Kwa magoti yangu kiwanja hicho ni kikubwa mno, naomba kisiongezwe hata kidogo. Barua naileta hivyo hivyo kwa sababu ya mhuri, lakini tafadhali usitekeleze lolote. Wakati tunarudi nyumbani Nawal aliniuliza kama Jumamosi nitakuja. Sikujua kwamba hilo limekuwa jambo la kuulizwa.