Bidon ya Nyuma Niliipeleka Mbele

Leo haya imenikula muzima, na mifupa nayo. Ninaandika hii na pullover ya musichana ku kiuno (mutaelewa).

Asubui klasi yetu ilienda ku sale, ukumbi kubwa ya parokia. Waliweka kule kazi yote ya Muzee Ngabu, muchongaji, tangu ujana yake Djugu mpaka leo anaishi mu site, kambi ya waliokimbia vita. Ku mulango Furaha akanivuta mukono. Tunakaa naye banc moja mu klasi. Anaishi Ngezi kwa shangazi yake, kwabo ni Djugu, na juu ya kwabo hasemaka kitu.

"Trésor, leo usichekeshe watu. Leo tu."

"Miye? Miye ni malaika!"

(Malaika mwenye pantalo ya kaka yake, imebana.)

Mwanzo nilitulia. Ng'ombe za mti, mama anatwanga, vizuri kabisa. Lakini kadiri unaenda mbele, watu wanapunguka. Mwisho ya sale hakuna mutu hata moja. Bidon tu, zile dumu za kuchotea maji! Mulolongo ya bidon zimechongwa mu mti, zimepakwa rangi ya manjano, kila moja na alama ya mwenyewe, vile siye wote tunatiaka ili zisipotee ku robine, bomba ya maji ya watu wote. Ya mbele kabisa na kale kadogo ka nyuma kabisa zilikuwa na kitambaa chekundu ku mukono.

Sasa semeni ukweli. Mutoto ya Bunia akikuta bidon mu mulolongo, wenyewe hawako, atafanya nini?

Ndiyo ile.

Niliruka kamba ya kuzuia watu, nikabeba kale kadogo mpaka mbele, nikapiga kelele kama mama za ku robine: "Niko hapa tangu saa kumi! Nani ananipita?"

Klasi ikakufa na kicheko. Nikainama kukaweka chini. Kumbe ni mti muzima, kazito! PRAAA! Pantalo ikapasuka toka mukaba mpaka karibu na goti. (Na leo nilivaa kaleso, nguo ya ndani, yenye picha ya samaki. Mungu ananiona.)

Nilizani haya imeishia pale.

Muzee Ngabu alikuwa ameketi ku kona. Akasimama pole pole na fimbo yake. Hakukasirika, na ile ndiyo ilikuwa mubaya.

"Rudisha nyuma, mutoto yangu. Tuliporudi ku robine ya kwetu kuzika watu wenye waliuawa, bidon zilikuwa zingali mu mulolongo. Ile ya mbele ni ya mama moja. Ile umeshika ni ya binti yake. Mama tulimuzika. Mutoto hatukumupata mpaka leo."

Kicheko ikakauka. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Furaha, ndogo sana.

"Ni miye, Muzee."

Muzee akageuka.

"Mama alipasua kikwembe yake nyekundu ya kuvaa, akafunga bidon zote mbili. Siku ile nilichelewa kuamuka, nikafika wa mwisho. Walianzia mbele, miye nikakimbia. Ndiyo maana niko."

Fimbo ikaanguka. Muzee akamushika kichwa na mikono yote mbili, akawa anaita jina ya mama ya Furaha, anarudilia tu, anarudilia tu. Prof wetu akaangalia ukuta.

Na miye je? Katikati ya sale, samaki inje, nimekumbatia bidon ya rafiki yangu. Niliirudisha nyuma nikitembea kama kaa, mugongo ku ukuta. Hakuna mwenye alicheka. Mwaka wote natafuta klasi iniheshimu, inyamaze nikipita. Leo ilinyamaza.

Furaha akaja, macho mekundu. Akavua pullover yake ya rangi ya rose, akanitupia.

"Nilikuambia leo tu, Trésor. Funga ile. Mama yangu hakuzoea kuona samaki yenye kuvaa pantalo."

Akacheka kidogo. Halafu akalia sana, na miye nikafunga pullover ku kiuno, nikasimama karibu yake.

Sasa hivi niko ku robine. Nimepanga bidon yetu nyuma ya zote. Jirani yetu ananiuliza: "Trésor, uko mugonjwa?"

Basi wapenzi, mukitaka kucheka, mucheke pantalo. Bidon muziache.